Jicho linapodanganyika: kiini macho na sanaa ya ndoto, kutoka Ubwari mpaka Tervuren

Mwaka 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika kwenye Ziwa Tanganyika wakitokea pwani ya Bahari ya Hindi. Walipanda mitumbwi Ujiji, wakavuka ziwa na kupandisha kaskazini kuelekea Uvira. Njiani walipita Ubwari, ile nchi ndefu ya milima ambayo mkaaji wa Baraka anaiona kila asubuhi akigeuza uso kule jua linapotokea. Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa.

Wazungu wengine walisoma maandishi yake wakaamini. Mwaka 1876, Henry Morton Stanley alizunguka ziwa lote kwa mashua, akaingia ndani ya ghuba, akakuta Ubwari si kisiwa hata kidogo. Ni rasi, imeshikana na bara. Stanley akaipa ile ghuba jina la Burton, na jina hilo limebaki kwenye ramani mpaka leo.

Wenye Ubwari hawakuhitaji kungoja hiyo miaka 18. Wao walijua tangu zamani kwamba mtu anaweza kutoka kwao mpaka bara kwa miguu yake, bila kupanda mtumbwi. Burton hakuwa mjinga na hakuwa mwongo. Alitazama kutoka majini, akaona milima na maji, na kichwa chake kikamalizia sehemu ambayo jicho halikufika.

Hicho ndicho kiini cha habari hii. Siku hizi vijana wa Baraka, Fizi, Mboko na kwingine wanatumiana kwa simu picha za kiini macho na picha za ajabu kama za ndoto. Wanacheka, wanabishana, kisha wanafuta. Watu wengi wanafikiri ni mambo ya Wazungu, yaliyoletwa na intaneti. Kumbe sanaa ya namna hiyo ina mizizi hapa hapa, na mafundisho yake yanaweza kusaidia wakati huu ambapo picha moja ya uongo inaweza kukimbiza kijiji kizima.

Maneno mawili ya kutofautisha

Kiini macho ni kitu kinachofanya jicho lione tofauti na vile kitu kilivyo. Mistari miwili iko sawa kwa urefu lakini mmoja unaonekana mrefu. Picha imetulia kwenye karatasi lakini unaiona inazunguka. Hapo mtu anaweza kuchukua rula akapima, na rula itasema ukweli.

Sanaa ya ndoto, ambayo Wafaransa waliiita surealisimu, ni jambo lingine. Mchoraji wa namna hii anachukua vitu tunavyovijua, anaviunganisha namna ambayo haiwezekani: saa inayoyeyuka kama siagi, samaki mwenye miguu ya mtu, nyumba yenye giza la usiku chini ya mbingu ya mchana. Hapa rula haisaidii. Mchoraji hakutaka kudanganya urefu wa mstari. Alitaka umuulize, na ujiulize, kwa nini vitu hivyo viko pamoja.

Mara nyingi mambo hayo mawili yanakutana katika kazi moja, na ndiyo sababu watu wanayachanganya.

Ziwa lenyewe ni mwalimu

Kabla ya kuzungumza juu ya michoro, mkaaji wa kando ya ziwa anaweza kujaribu viini macho vitatu bila kulipa hata faranga moja.

Cha kwanza ni cha asubuhi. Maji ya Tanganyika hukaa ya uvuguvugu mwaka mzima. Kukiwa na asubuhi ambapo hewa imepoa kuliko maji, tazama mbali kabisa pale ziwa linapokutana na mbingu. Mtumbwi wa mbali unaweza kuonekana umening'inia hewani, na ncha ya rasi inaonekana imekatika kutoka majini. Sababu ni kwamba mwanga unapopita kwenye hewa yenye joto mbalimbali, juu na chini, unapinda. Jicho halijui kwamba mwanga umepinda. Linafikiri umekuja moja kwa moja, kwa hiyo linakiweka kitu pale ambapo hakiko. Ni jambo lile lile linalofanya barabara ya lami ionekane ina maji mbele wakati wa jua kali.

Cha pili ni cha usiku. Wavuvi wa ndagala wanatoka na taa zao, na kutoka ufukweni taa zile zinaonekana kama muji mwingine ulioota katikati ya ziwa. Sasa usiku wa giza kabisa, chagua taa moja iliyo peke yake, uikazie macho bila kutazama kitu kingine. Nyuma ya muda mfupi itaanza kutembea, kulia, kushoto, juu, hata kama mtumbwi umetulia na ziwa limelala. Jicho halitulii hata dakika moja. Linacheza-cheza kidogo kila wakati. Mchana linajirekebisha kwa kulinganisha na mti, nyumba au mlima. Usiku, likiwa na taa moja tu, halina cha kulinganisha, na mwendo wake lenyewe linaubandika kwenye taa.

Cha tatu ni mwezi. Mwezi mpevu ukitokea nyuma ya milima ya Ubwari unaonekana mkubwa kama sinia. Saa sita za usiku, ukiwa juu ya kichwa, umekuwa mdogo kama sahani ya chai. Nyoosha mkono, ufunike mwezi kwa ncha ya kidole kidogo ukiwa chini, kisha urudie ukiwa juu. Kidole kile kile kinaufunika vile vile. Mwezi haukupungua. Wataalamu wamebishana juu ya sababu tangu nyakati za Wagiriki wa kale, lakini wanakubaliana kwamba ukubwa ule unatengenezwa ndani ya kichwa cha mtazamaji.

Katika yote matatu, kujua ukweli hakuondoi kiini macho. Unaweza kujua kabisa kwamba taa imetulia, na bado ukaiona inatembea.

Picha zinazozunguka kwenye simu

Nyingi za picha ambazo vijana wanatumiana ni za zamani kuliko babu zao. Ile inayoonekana bata ukitazama hivi, na sungura ukitazama vile, ilitoka kwenye gazeti la vichekesho la Ujerumani mwaka 1892. Ile ya bibi mzee ambaye ghafla anageuka msichana aliyetazama pembeni, ilichapishwa Marekani mwaka 1915 na mchoraji W. E. Hill. Mwaka huo huo, mtaalamu wa Denmark, Edgar Rubin, alieleza ile ya chombo cha maua ambacho ukikazia macho unaona nyuso mbili za watu zinatazamana.

Picha hizo zinafundisha jambo moja. Karatasi haibadiliki, wino ni ule ule, lakini mtu hawezi kuona bata na sungura kwa wakati mmoja. Kichwa kinachagua. Kikichagua kimoja, kingine kinapotea.

Kisha kuna mistari ya Franz Müller-Lyer, Mjerumani aliyeitangaza mwaka 1889. Chora ardhini kwa kijiti mistari miwili iliyo sawa kabisa. Kwenye ncha za mstari wa kwanza weka mikia inayofunguka kwenda nje, kama mkia wa samaki. Kwenye ncha za mstari wa pili weka mikia inayorudi ndani, kama ncha za mishale. Watu wengi wataona mstari wa kwanza ni mrefu.

Watu wengi, lakini si wote, na si kwa kiasi kimoja. Mwaka 1966, Wamarekani watatu, Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits, walitoa kitabu juu ya jaribio hilo. Walikuwa wamekusanya majibu ya watu wa fasi nyingi za dunia. Kati yao kulikuwa Wasuku na Wasongye wa Kongo, watu wa Ankole na Toro wa Uganda, na wakaaji wa Evanston, muji ulio karibu na Chicago. Watu wa Evanston ndio waliodanganyika sana. Vikundi vingi vya Afrika vilidanganyika kidogo zaidi.

Watafiti hao walifikiri sababu ni makao. Mtoto aliyekulia ndani ya vyumba vya mraba, vyenye kona nyingi zilizonyooka, anazoea kusoma kila pembe kama kona ya ukuta, ya karibu au ya mbali. Aliyekulia kwenye nyumba ya duara na uwanja wazi hana mazoea hayo. Wataalamu wanaendelea kubishana juu ya sababu hiyo mpaka leo. Hata vile, jaribio lenyewe lilitikisa watu waliofikiri kwamba macho yote ya dunia yanaona kitu kimoja. Fasi uliyokulia inafundisha jicho lako.

Februari 2015 dunia nzima ilipata mfano mwingine. Foto ya nguo moja, iliyopigwa kwa ajili ya arusi huko Scotland, ilisambaa kwenye mitandao. Wengine waliapa ni nyeupe yenye dhahabu. Wengine waliapa ni buluu yenye nyeusi. Mume na mke walikaa kwenye kiti kimoja, wakatazama simu moja, na hawakukubaliana. Nguo ilikuwa buluu na nyeusi. Lakini hakuna aliyekuwa anasema uongo. Kila kichwa kilikuwa kimekisia mwanga wa foto ile namna yake, na kikapata rangi yake.

Alunga: kinyago kisicho na mgongo

Turudi Fizi. Wabembe walikuwa na chama cha wanaume kilichoitwa alunga, na kinyago chake kinajulikana na watafiti wa sanaa duniani kote. Kinachongwa kwa kipande kimoja cha mti, na kinavaliwa kichwa kizima, umbo lake kama kengele. Kina nyuso mbili, moja mbele, moja nyuma. Kwenye kila uso kuna mashimo mawili makubwa ya macho yaliyopakwa rangi nyeupe, na katikati ya kila shimo jicho limechongwa likitokeza. Juu kulikuwa kunawekwa manyoya ya ndege. Mwili wa mvaaji ulifunikwa na nyuzi, hata usijue mtu anaanzia wapi.

Fikiria sasa mtu aliyekaa kwenye uwanja wakati kinyago hicho kinacheza. Kwa kawaida, mchezaji akigeuka, unaona kisogo chake, na unapumua kidogo. Alunga akigeuka, bado anakutazama. Hana kisogo. Weupe wa shimo na kivuli cha jicho vinalivuta jicho lako hata kwenye mwanga mdogo. Mashimo yale ni makubwa kuliko jicho la mtu, na yako fasi ambayo jicho la mtu halipo, kwa hiyo kichwa cha mtazamaji kinaona uso, na wakati huo huo kinakataa kwamba ule ni uso wa mtu.

Kuna pia vinyago vya Wabembe vya ubao bapa vyenye jozi mbili za macho, moja juu ya nyingine. Jaribu kutazama kinyago cha namna hiyo: macho yako yanapanda juu, yanashuka chini, hayajui yakae wapi. Ni mtego ule ule wa bata na sungura, lakini fundi wa Itombwe au wa kando ya ziwa hakuusoma kwenye gazeti la Ujerumani.

Majirani wetu Walega, wa upande wa Mwenga na Shabunda, walikuwa na Bwami, chama cha mafundisho chenye madaraja, ambacho Wabembe pia walikuwa nacho. Wanaume na wanawake waliingia, na kila daraja lilikuwa na vitu vyake vya mti au pembe ya tembo. Kimoja kinaitwa Sakimatwematwe, maana yake mwenye vichwa vingi. Ni sanamu ndogo yenye nyuso zaidi ya moja, zimegeukia pande mbalimbali. Mafundisho yake ni juu ya mwenye hekima, anayeona pande zote za jambo wakati wengine wanaona upande mmoja.

Vitu vya Bwami havikufundishwa kimya kimya. Mzee alikishika, akakichezesha, akasema methali yake. Sanamu moja ingeweza kuwa na maana moja kwa mwanafunzi wa daraja la chini, na maana nyingine, pengine kinyume chake, kwa aliyepanda. Kwa hiyo swali “unaona nini?” halikuwa na jibu moja. Jibu lilitegemea umefundishwa mpaka wapi.

Si mambo yote ya vyama hivyo yaliwekwa wazi kwa kila mtu, na mengine wazee wanayatunza mpaka leo. Anayetaka kujua zaidi aende kwa wazee wa kimila wa fasi yake, kwa heshima na kwa utaratibu wao.

Namna vinyago vilivyoondoka

Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji ulipiga Bwami marufuku. Utawala uliogopa chama chenye heshima ambacho haukukitawala. Katika miaka ya 1950 mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alitembea kati ya Wabembe na Walega, akaandika mengi juu ya sanaa yao. Kitabu chake juu ya Walega kilitoka mwaka 1973. Mengi ambayo mwanafunzi wa leo anaweza kusoma juu ya alunga yanatoka kwenye maandishi yake, kwa Kiingereza, mbali na Fizi.

Vinyago vyenyewe vilichukua njia nyingi. Vingine viliuzwa, vingine vilinyang'anywa, vingine vilichomwa na watu walioambiwa kwamba ni vya shetani. Vilivyobaki viko kwa wingi kwenye nyumba za makumbusho na nyumba za matajiri Ulaya na Marekani.

Na huko ndiko vilikokutana na watu wa sanaa ya ndoto. Mwaka 1924, mshairi Mfaransa André Breton alitoa tangazo la kundi lake Paris. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeua mamilioni ya watu, na vijana hao walisema kwamba akili iliyojivunia kunyooka ndiyo iliyoleta mauaji yale. Walitaka kusikiliza ndoto. Wakakusanya vinyago vya Afrika, na zaidi vya visiwa vya Pasifiki na vya wenyeji wa Amerika, wakaviweka kwenye nyumba zao kama ushahidi kwamba kuna namna nyingine ya kuona. Wakati serikali ya Ufaransa ilipofanya maonyesho makubwa ya makoloni mwaka 1931, kundi hilo lilitoa karatasi ya kuomba watu wasiende. Lakini hata wao walipenda umbo la kinyago kuliko kuuliza jina la aliyekichonga na neno alilotaka kusema.

Ubelgiji nayo ilipata bingwa wake, René Magritte, aliyezaliwa mwaka 1898. Mwaka 1929 alichora kiko cha kuvutia tumbaku, safi kabisa, na chini yake akaandika kwa Kifaransa kwamba hiki si kiko. Watu walikasirika. Lakini ni kweli: huwezi kukitia tumbaku ukavuta. Ni picha ya kiko. Mholanzi M. C. Escher, aliyezaliwa mwaka huo huo, alichora mwaka 1961 maporomoko ya maji ambayo yanaanguka, yanazungusha gurudumu la kinu, yanafuata mfereji, na kujikuta tena juu yalikoanzia. Ukifuata mfereji kwa kidole, kila hatua ni sawa. Ukitazama yote kwa pamoja, haiwezekani.

Ndugu wa karibu: Dar es Salaam na Kinshasa

Watu wengi wa Fizi waliovuka ziwa kuanzia 1996 na kuishi kambini Nyarugusu na kwingine Kigoma waliona Tanzania michongo ya mpingo ya Wamakonde. Kati yake kuna ile inayoitwa shetani: kiumbe chenye jicho moja, mdomo kama mwiko, mkono unaotoka kichwani, mwili uliopinda kama moshi. Mtindo huo ulianza Dar es Salaam miaka ya 1950 na jina la kwanza linalotajwa ni la Samaki Likankoa, mchongaji aliyetoka upande wa Msumbiji. Hakuna aliyemfundisha surealisimu. Alichonga viumbe ambavyo watu wake walivisimulia.

Kinshasa, Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki 2015, alitengeneza miji mizima kwa karatasi, katoni na vifuniko. Ni miji ya ndoto: magorofa ya rangi, njia safi, hakuna shimo wala takataka. Ukiiona kwenye foto bila kitu cha kulinganisha, unadhani ni muji wa kweli. Mwaka 2018 makumbusho makubwa ya New York yalimfanyia maonyesho yake peke yake, miaka mitatu nyuma ya kifo chake.

Kazi inayogusa sana habari hii iko Tervuren, karibu na Brussels, kwenye makumbusho ambayo Mfalme Leopold wa Pili aliyaanzisha. Ndani ya ukumbi wa duara kuna sanamu za zamani zinazosifu ukoloni, na sheria ya kulinda majengo ya kale inakataza kuziondoa. Mkongomani Aimé Mpane na Mbelgiji Jean-Pierre Müller walitafuta njia nyingine. Walitundika mbele ya sanamu 16 mapazia yanayopitisha mwanga, yamechorwa picha. Mtazamaji anaona sanamu ya zamani nyuma, na mbele yake picha inayoijibu, zote kwa pamoja. Hakuna kilichovunjwa, lakini hakuna anayeweza tena kuona ile ya zamani peke yake.

Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilikabidhi kwa serikali ya Kongo orodha ya vitu karibu 84.000 vilivyoko kwenye makumbusho hayo. Juni mwaka huo, Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku, kakuungu, kwa mkopo usio na mwisho. Safari ya kurudi imeanza, polepole. Upande wa Kongo, sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni. Familia yenye kitu cha mababu ndani ya sanduku isiharakishe kumpa mchuuzi anayepita na noti chache. Akivuka mpaka nacho, wajukuu watakiona kwenye simu tu.

Picha ya kweli, habari ya uongo

Hapa ndipo mchezo unapokuwa jambo la uhai. Katika milima na kando ya ziwa, watu wa wilaya ya Fizi wamejua vita na kukimbia kwa miaka mingi. Foto ya maiti, ya nyumba zinazowaka, ya watu wenye silaha ikiingia kwenye kundi la WhatsApp na maneno mawili, “ni leo, ni kwetu”, kuna atakayefunga mizigo na kuna atakayeshika panga.

Mara nyingi foto kama hiyo haikuchezewa hata kidogo. Ni foto ya kweli, ya inchi nyingine, au ya miaka kumi iliyopita. Uongo uko kwenye maneno yaliyobandikwa chini yake. Magritte alichora kiko na kuandika kwamba si kiko. Anayetaka ugomvi anafanya kinyume: anaonyesha moto wa mbali na kuandika kwamba ni wa kwako. Na siku hizi kuna programu zinazotengeneza foto ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Aliyeogopa au kukasirika ni rahisi kudanganyika, juu ya kile alichokwisha kutazamia. Kichwa kinachomalizia rasi kuwa kisiwa kinaweza pia kumalizia moshi kuwa adui. Kabla ya kutuma mbele, mambo haya yanasaidia:

Tazama pembeni ya foto, si katikati tu. Miti, bati za nyumba, nguo za askari, maandishi ya ubao wa duka, namba ya gari: ni vya Fizi kweli?

Tazama mwanga na mvua. Kama wanasema ni leo na kwenu kumenyesha tangu asubuhi, mbona ardhi ya foto imekauka?

Hesabu vidole, tazama masikio na herufi. Programu za kutengeneza foto bado hukosea hapo, ingawa zinazidi kuwa hodari.

Uliza aliyekutumia ameitoa wapi. Kama naye “ametumiwa tu”, basi hakuna shahidi bado.

Piga simu kwa mtu aliye pale pale panapotajwa. Simu moja ina nguvu kuliko foto kumi.

Kama hujapata jibu, usitume. Kukaa na foto saa moja hakujawahi kumwua mtu.

Kuzungumzia picha pamoja

Mwalimu wa masomo ya msingi, kiongozi wa vijana au mama mwenye watoto jioni anaweza kufanya zoezi hili bila vifaa. Chora ubaoni, au ardhini, mistari ya Müller-Lyer au bata-sungura. Usitaje jina la picha, juu jina linafunga macho. Kila mmoja aseme anachoona, na aonyeshe kwa kidole fasi anapokiona. Asiyekiona asichekwe. Aliyekiona amsaidie mwenzake mpaka naye akione. Mwisho mpime kwa kijiti.

Watoto watajifunza hesabu kidogo, na watajifunza jambo ambalo watu wazima wanasahau: mwenzako anayeona tofauti anaweza kuwa mkweli kama wewe. Kisha waombwe kuchonga kwa udongo kichwa chenye nyuso mbili, na kumwuliza babu au bibi kama aliwahi kusikia jina la alunga. Watoto hao watakuwa wamekutana na kinyago cha kwao kabla ya kukutana na kiko cha Magritte.

Jioni, jua likishuka nyuma ya milima ya Fizi, Ubwari bado inaonekana kutoka Baraka kama inaelea. Kilichomwonyesha Stanley ukweli wake ni kuingia ghubani na kufuata ukingo mpaka mwisho. Burton naye angeweza kumwuliza mvuvi wa hapo.